Indiketa Zangu Mpya na Harusi ya Nyaruai

Jumatatu, 3 Agosti 2009. Kitale.
Kimeli amekuja stejini kwetu waendesha bodaboda na helmeti mpya, watu wakamsifu kama gavana wa Benki Kuu. Ndiye huongoza harusi zote hapa mjini, anatangulia magari na pikipiki yake. Jumamosi Mzee Muchiri anamwoza binti yake Nyaruai kwa kijana Wakhungu wa Bungoma. Msafara mrefu. Video pia. Nimeamua kazi hiyo ni yangu. Nimemwambia mzee pikipiki yangu ina indiketa za nyuma, taa za kuonyesha kona, ambazo Trans-Nzoia nzima haijawahi kuona. Akauliza ziko wapi. Nikasema zinakuja. Atazikagua Ijumaa.

Sasa inabidi zije.

Jumanne, 4 Agosti.
Nimepata taa za nyuma za pikapu iliyopinduka. Kubwa kama sahani za pilau. Mwenye nazo alitaka vioo vyangu vya pembeni, tukabadilishana. Kiongozi wa harusi anaangalia mbele, vioo vya nini? Mke wangu Ciru amesema pikipiki sasa ina masikio ya ng'ombe. Hajui mambo ya kisasa.

Alhamisi, 6 Agosti.
Kimeli amekuja nyumbani, ati asimame nyuma aangalie taa, mimi nibonyeze swichi. Anataka kuiba mtindo. Nimemwambia nina macho. Alipoondoka nimekaa kwenye kiti kinyumenyume, uso kwa taa, nikaunganisha nyaya mwenyewe. Taa ya mkono wangu wa kulia, swichi ya kulia. Ya kushoto, kushoto. Zikawaka safi.

Ijumaa, 7 Agosti.
Mzee Muchiri ameziona, akakinga macho. Amesema dereva wa bibi arusi hajui njia, atafuata taa zangu tu. Nikamwambia hata akisinzia atafika.

Jumamosi, 8 Agosti. Bungoma.
Tumetoka Kitale vizuri. Kimilili watu wamesimama kuniangalia. Nimejiona waziri. Pale Chwele barabara inagawanyika, kushoto Bungoma, kulia Malakisi. Nikawasha kushoto mapema. Lori la miwa likaingia kati yetu. Nikakata kona na sikugeuka. Kiongozi hageukageuki.

Nimeingia kanisani nikipiga honi. Kwaya ikaanza. Wakhungu akatabasamu, akaangalia nyuma yangu, tabasamu likaisha. Shangazi yake, Mama Nakhumicha, akaniuliza polepole, "Kijana, bibi arusi wetu umemweka wapi?"

Nikasema anakuja. Simu ikalia. Ni dereva. Yuko Malakisi, katikati ya mashamba ya tumbaku.

"Si taa ilisema kushoto?" nikamuuliza.

"Ilisema kulia, bana. Sote tumeiona."

Kwaya imeimba nyimbo zake zote, kisha ikazirudia. Wakhungu alikaa kwenye ngazi, koti magotini. Hapo moyo uliniuma. Nikataka kuwafuata, Mama Nakhumicha akachukua funguo za pikipiki. Amesema waliopotea wanatosha.

Wamefika pilau imepoa. Nyaruai ameshuka akicheka, shela imejaa vumbi. Akina mama wa Malakisi walidhani harusi ni yao, wakamchezea barabarani. Wakhungu akacheka mpaka machozi. Wakaoana. Nimekula mbali na Mama Nakhumicha.

Jumapili, 9 Agosti. Kitale.
Kimeli ameniuliza nilikaaje nikiunganisha nyaya. Nikapanda nikamwonyesha. Akalala kwenye nyasi akicheka. Ciru ndiye amenieleza, kwamba ukigeukia nyuma, kulia kwako ni kushoto kwa pikipiki. Nimefikiri sana. Ni kweli. Lakini dereva naye angengoja lori lipite.

Jumanne, 11 Agosti.
Makokha wa Bumula, binamu ya Wakhungu, anaoa mwezi ujao na ananitaka mimi, ati harusi isipoe. Nimeshajua tatizo ni taa, zinachanganya watu. Nimefunga spika itakayotangaza kila kona. Kimeli amejitolea kukagua nyaya. Nimekataa, siri zangu anazitaka sana. Nimeifunga mwenyewe na inasikika hadi mtaa wa pili. Zimebaki nyaya mbili mkononi. Nadhani kiwandani waliziweka kwa urembo.