Taa Nyekundu kwa Kidonda cha Muundi

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Tura.

Habari kubwa dukani kwa Mzee Kurban. Redio imesema wataalamu wa Ulaya wanamulika vidonda kwa mwanga mwekundu hafifu, unaitwa leza, na chembechembe za mwili zinaamka, zinazaana, ngozi inafunga. Kwani zilikuwa zimelala? Sijaelewa, lakini nimefurahi mno. Kidonda changu cha muundi (nilijikata na jembe makusudi, nikwepe shamba la kijiji) kimekataa kupona, na Ijumaa daktari huko Tabora anapima wanaotaka kazi ya mshika bendera hapa stesheni. Mwenye kidonda haajiriwi. Nikikosa, ni jembe mpaka kaburini, na kazi ataichukua jirani yangu Luhende, ambaye hana hata upele.

Jumanne, 6.

Nimefunga tochi kwa kipande cha kanga nyekundu ya Minza, mke wangu. Nimemulika mpaka betri zikafa. Walioamka ni nzi tu. Minza ameuliza nani kachana kanga yake. Nimesema panya. Amesema kidonda kinataka maji ya chumvi. Huyu hasikilizi redio.

Jumatano, 7.

Mwanga ulikuwa mdogo. Au mkubwa? Redio ilisema hafifu. Nimemwendea Bwana Wenceslaus, stesheni masta, nikajitolea kusafisha kioo cha taa nyekundu ya ishara. Amenisifu kwa moyo wa kujitegemea. Jioni nimekaa nayo nyuma ya nyumba, kando ya reli, nikajimulika. Treni ya mizigo ikapiga breki, ikasimama mbele yangu. Dereva akashuka mbio, akauliza hatari iko wapi. Nikamwonyesha kidonda.

Alhamisi, 8.

Bwana Wenceslaus amefuta jina langu kwenye orodha ya wanaokwenda kupimwa. Luhende anakwenda Tabora peke yake. Stesheni masta ameniambia mtu asiyejua kwamba taa nyekundu inasimamisha hafai hata kuishi karibu na reli. Nimelia, sifichi. Minza amenoa jembe langu.

Ijumaa, 9.

Nimelima huku nayawaza maneno ya stesheni masta. Taa nyekundu inasimamisha! Ndiyo maana kidonda kimesimama palepale. Wale wa Ulaya wamekosea rangi, au redio imekosea, sijui. Bwana Wenceslaus hula nyumbani mchana na ofisi haifungi. Taa ya kijani ninayo hapa, chini ya kitanda. Nikipona leo, kesho namuwahi daktari kabla hajaondoka Tabora. Jioni nitakaa tena kando ya reli. Safari hii hakuna treni itakayosimama.