Bukavu Ndani ya Flash

Jumatatu, 7 Oktoba
Mawazo mazuri hunijia wateja wanapokosekana. Leo yamekuja mengi. Nikiwa nimekaa bure katika duka langu la simu, hapa Kamembe, upande wa Rwanda wa mpaka na Bukavu, nimepakua mod, yaani mchezo wa kampuni uliobadilishwa na mtu mwingine. Ni mchezo wa kuendesha basi, ila barabara ni za Bukavu! Kadutu nilikokulia ipo. Nguba ipo. Hata mtaa ambao Clarisse aliniambia anaishi upo. Nimeegesha basi pale, bila kujua mlango wake ni upi, nikasubiri. Hakutoka mtu. Tangu aache kuvuka mpaka kuja kuuza vitenge vyake huku, sijui napiga pasi mashati kwa ajili ya nani. Namtamani mpaka naona haya.

Kesho naanza kuiuza kwenye flash. Kamembe imejaa watu waliokulia kule kama mimi.

Jumanne, 8 Oktoba
Wananunua! Mzee mmoja wa Giheke ameendesha hadi shule yake ya zamani, akapiga honi. Akachukua flash mbili.

Kisha akaja Nzabonimana, jirani mwenye chumba cha michezo na wivu wa bure. Akanisomea maneno ya mtengenezaji: ni bure kwa wote, marufuku kuuza. Akaongeza kwamba hata kampuni yenye mchezo inakataza. Nikamuuliza tangu lini amekuwa wakili, yeye ambaye michezo yake yote ni ya kunakili. Akajibu kwamba angalau yeye hauzi jasho la mtu aliyesema hapana. Mtu wa kuudhi sana.

Jumatano, 9 Oktoba
Jibu nimelipata sokoni. Maman mmoja amenipimia sambaza, vile vidagaa vya Ziwa Kivu, kisha akaniongezea konzi moja ya matabishi. Matabishi hayauzwi, hupewa tu! Basi nimebandika tangazo: nauza flash, na mod ni matabishi. Flash imepanda bei kidogo, lakini flash ni mali yangu. Nzabonimana amelisoma mara mbili, akaondoka.

Na kwa kuwa zawadi lazima ijulikane imetoka kwa nani, nimebadilisha kibao cha kiduka kimoja ndani ya mchezo, palepale mtaani kwa Clarisse. Kilisomeka Chez Maman Eugénie, yaani Kwa Mama Eugénie. Sasa ni Chez Byiringiro, jina langu. Akikiona, atajua nani anamkumbuka.

Ijumaa, 11 Oktoba
Clarisse amevuka! Hakuja na vitenge. Amesikia kuna mtu Kamembe ana mtaa wao ndani ya mchezo, akaja dukani kwangu. Shati lilikuwa halijapigwa pasi.

Akaketi, akaendesha basi moja kwa moja hadi kwenye kiduka. Akauliza kibao kiko wapi. Nikamwonyesha changu, nikitabasamu.

Eugénie alikuwa mama yake. Alifariki mwaka jana, na kiduka kikabomolewa. Mtengenezaji wa mod ni kaka yake Clarisse, Muderhwa.

“Byiringiro, Muderhwa alijenga muji yote sababu ya ile kibao tu,” akasema polepole. “Na we unauzisha.”

Nikaanza kumweleza habari ya matabishi. Akasimama kabla sijamaliza. Ameondoka bila kuaga. Miezi yote hii nimetamani aje, na alipokuja nimemfukuza kwa mikono yangu mwenyewe. Sijala.

Jumapili, 13 Oktoba
Nimerudisha kibao cha Maman Eugénie. Kanisani nimeomba msamaha kwa dhati. Tangazo nimelichana, na mod siuzi tena, wala siitoi kama matabishi.

Wakati wa mahubiri nimewaza jambo. Kila familia ya Bukavu ina mama, kiduka, kibao kilichobomolewa. Wanilipe, nami nitawarudishia chao ndani ya mchezo. Hapo siuzi mod ya mtu, nauza kumbukumbu, na sheria inayokataza kuuza kumbukumbu sijaiona popote.

Nimemwandikia Clarisse anitafutie wateja upande wa kule, tugawane faida. Hajajibu. Nadhani ni mtandao.