Kereng'ende Mwekundu wa Kijitoni

Wenzangu Raheli na Eva, leo nimeaibika hadi mbwa wa misheni wamenionea huruma. Nisipowaandikia nitapasuka.

Mnajua ninavyolitaka lile darasa la watoto wadogo. Bibi wa misheni hanitaki. "Mwalimu mwenye mtoto mgongoni ni nusu ya mwalimu," anasema. (Mtoto mwenyewe hata meno hajaota!) Anamtaka Damari, ambaye hana mume, hana mtoto, wala hana alijualo. Juzi akaja Mdachi mmoja, mkusanya wadudu. Bibi akatamka: atakayemletea Bwana huyo kereng'ende na kumtambua sawasawa, darasa ni lake.

Nikajua nimeshinda. Bwana alikwisha kutufundisha. Mnene hutandaza mabawa akitua, mwembamba huyakunja mgongoni. Na katika hao wembamba wa huku kwetu Mpwapwa, mwekundu hukaa kwenye majani ya maji yaliyotuama. Wa buluu hupenda maji yaendayo, juu ya mawe yenye kivuli. Tazama rangi, tazama makao. Basi.

Leo alfajiri, giza bado, mama mkwe akanikabidhi mtoto amefungwa nguo. Nikambeba, nikashuka kijitoni, njia nzima nikimshika miguu asiteleze. Kulipopambazuka nikamwona kereng'ende juu ya jiwe, mwembamba kama sindano, mabawa kayakunja. Nikamnasa kwa vidole, nikamfumbata, mbio hadi misheni.

Barazani wamejaa: Bwana, Bibi, Damari, na mama mkwe aliyeleta maziwa. Nikafumbua kiganja. Mwekundu kama pilipili! (Kule kijitoni nilimwona wa buluu. Nikasema moyoni, kivuli kilinidanganya.)

"Ni yule mwekundu, Bwana."

"Umemtoa bwawani?"

"La, Bwana. Kijitoni, juu ya jiwe, maji yanakwenda mbio."

Bwana akasimama, kiti kikaanguka. "Mwekundu, kwenye maji yaendayo? Una hakika?"

"Bwana, macho ninayo." (Ningenyamaza!) Nikaongeza kwamba huenda ni aina mpya, haijapewa jina. Damari akainamisha kichwa. Utamu ulioje!

Bwana akalowesha brashi ndogo, akampitishia yule mdudu mgongoni. Wekundu wote ukahamia kwenye brashi. Chini yake, buluu tupu.

Kisha mama mkwe akaangua kicheko: "Yoo! Mkwe wangu, huo si udongo niliompaka mjukuu wangu?"

Udongo mwekundu na mafuta! Nimemkataza mpaka nimechoka. "Mtoto wa Kigogo asiyepakwa ni mbuzi aliyechunwa," ndivyo anavyonijibu. Nikaitazama mikono yangu: myekundu hadi kwenye kucha. Kumbe aina mpya nimeipaka mimi mwenyewe!

Bibi alicheka mpaka akashika nguzo. Bwana hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. "Mama," akasema taratibu, "makao yalikuambia kweli. Ungeyaamini."

Darasa kapewa Damari, pale pale.

Jioni hii kaja mlangoni kwangu, sauti ya asali. "Dada, shikamoo. Kesho naanza na somo la wadudu. Hivi kereng'ende ana mabawa mangapi?"

Nikamwambia manne. Tena nikamchorea mchangani. Kati ya upumbavu wangu wote wa leo, msithubutu kuucheka huo.