Mbio za Kumuogesha Mujukuu

Siku ya kwanza, tarehe 1 mwezi wa tatu 2004. Bunia.
Binti yangu Gentille amezaa kule Mongbwalu! Mutoto mwanamuke. Kwetu, bibi anayemuogesha mutoto kwanza ndiye anayemupa jina. Nataka Emerance, jina la mama yangu. Mukwe wangu Scholastique, mama ya bwana ya Gentille, anataka Adeline. Amekuja kuniambia twende pamoja kesho, pole pole, macho njiani, maana vita haijaisha vizuri. Nimekubali. Nitaondoka kabla hajaamka.

Siku ya pili, tarehe 2. Njiani.
Nimemuacha amelala. Huyo akitembea anasalimia kila mutu, anasimama kuangalia hata mihogo ya wenyewe. Mimi hapana! Muuza ndizi mmoja aliniita. Sikugeuka. Kwenye njia panda, majani mabichi yamelazwa kukata njia ya mkato. Nikasema mutu ameangusha chakula ya mbuzi. Nikayapiga teke, nikapita.
Mbele kidogo, vijana na bunduki. Wamechukua sabuni, kitenge kipya, na kuku niliyomubebea muzazi. Kisha wakaniamuru niwapikie kuku yenyewe. Hawana hata chumvi! Nikawauliza kama mama zao wanajua wako hapa. Mmoja amekonda vibaya, nikamupa paja zote mbili. Wameniachilia jioni, mikono mitupu.

Siku ya ine, tarehe 4. Mongbwalu.
Scholastique amefika jana. Mutoto ameogeshwa. Adeline!
Eti majani yale yaliwekwa na wasafiri waliotangulia, kufunga njia mbaya. Eti muuza ndizi anaonya kila mupitaji. Scholastique aliyakuta yametawanyika, akayarudisha, wengine wasife. Alipokwisha kunieleza, akaangalia miguu yangu.
"Mukwe, weye hukuona kitu pale njia panda?"
Nikasema niliona ng'ombe mmoja mujinga anakanyaga majani.
"Hata miye niliona nyayo zake. Iko anavaa kandambili."
Gentille akacheka mpaka akashika tumbo. Mutoto wangu mwenyewe!

Siku ya tano, tarehe 5.
Akili mpya. Bunia hakuna mutu anayejua jina. Nikitangulia Rwambuzi, mtaa wetu wa Bunia, na kutangaza Emerance, nani atabisha? Scholastique anabaki, anataka kushiba uso wa mutoto. Ashibe.
Gentille ameniomba nikae kidogo, nimubebe mujukuu, nimuangalie vizuri. Nikamuambia mutoto hakimbii. Nimekwisha funga mzigo. Uso wake sijauona, amefunikwa. Rwambuzi wakiniuliza amefanana na nani, nitasema ni miye mutupu.