Gari la Mafundi Redio wa Iringo

Jumatatu, 18 Juni 1973

Siku kubwa! Nimeamka fundi redio, nalala mwenye kiwanda cha magari.

Ilikuwa hivi. Nilinunua furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga sokoni, wakafungwa kwenye kipande cha gazeti. Nikasoma huku nakula. Habari ilikuwa ya kampuni moja ya redio huko ng'ambo. Wakubwa wake wanabishana: je, kampuni ya redio itengeneze na gari? Mtaalamu mmoja anasema ndiyo, kwa sababu tatu. Sababu zenyewe zilikuwa upande uliolowa mafuta. Hazikusomeka. Haidhuru! Nilizijua papo hapo.

Nikaitisha mkutano wa ushirika wetu wa mafundi redio, hapa Iringo, Musoma. Tuko watatu tu: Mzee Luhende, mwenyekiti, Wankyo, fundi, na mimi Clementi, katibu. Nikauliza: mtu anayeweza kukamata sauti ya Dar es Salaam hewani, kitu kisichoonekana, atashindwaje na chombo kinachotambaa chini kila mtu anakiona?

Wankyo akauliza nani kati yetu anajua kuendesha. Nikasema halimo kwenye ajenda. Mzee Luhende akasema rafu imejaa redio za watu, fundi redio akitengeneza redio zikalia, inatosha. Nikamjibu kwamba taifa zima linajitegemea, yeye anataka kutegemea rafu. Hakuelewa maana yake. Mimi pia sikuelewa, ila ilisikika vizuri.

Kura: wawili wamekataa, mmoja amekubali. Lakini daftari la mkutano naandika mimi. Nimeandika: Imekubaliwa.

Jumatano, 20 Juni

Bunda na kurudi. Nimepata injini! Ya pampu ya maji, ilikuwa imelala chini ya marobota ya pamba kwa bwana mmoja, Thadeo. Hakutaka kuitoa. Nikamwahidi kiti cha mbele siku gari litakapozinduliwa, sikukuu ya Saba Saba, mbele ya watu wote. Akaitoa, na chai akaninywesha.

Chasisi nayo tayari. Kitanda cha chuma cha Mzee Luhende. Alikataa mpaka nilipomwahidi kiti cha mbele. Sasa analala kwenye mkeka. Anasema mgongo unamsumbua. Uzee huo.

Jumatatu, 25 Juni

Magurudumu! Musoma nzima mwenye magurudumu ya ziada ni mmoja: Machage, fundi baiskeli, ng'ambo ya barabara. Simpendi. Anapiga mluzi anapofanya kazi, na kazi zake zinaisha siku aliyosema. Anatuharibia jina.

Alinipa manne bila maneno mengi. Mawili makubwa, mawili madogo. Akauliza redio yake tuliyonayo tangu Pasaka itakuwa tayari lini. Nikamwambia asiwe na haraka, hapa tunatengeneza historia. Akasema sawa, yeye anataka kusikia mpira tu. Nimemwahidi na yeye kiti cha mbele.

Jambo dogo limebaki. Gari la mafundi redio haliwezi kukosa redio! Ingekuwa aibu. Nikatazama rafuni. Bora kuliko zote ni ya Mama Wegesa wa Butiama. Sauti kama kengele ya kanisa. Aliileta kwa ajili ya waya mmoja uliokatika, na Wankyo alikwisha kuuunga. Nimeifunga kwenye ubao wa mbele kwa skurubu nane. Imekaa kama imezaliwa pale.

Wankyo ameniambia niitoe. Nimemwambia ni ya kuazima mpaka Saba Saba. Akasema anayeazima huomba. Mwanamke huyu ana maneno mafupi mno.

Ijumaa, 29 Juni

Siku mbaya kidogo. Mama Wegesa amekuja.

Wankyo alikuwa amekwenda posta, afadhali. Mama ni mtu mzima, mjane, ametoka Butiama na kapu la karanga, zawadi yangu. Aliuliza redio yake. Gari lilikuwa nyuma, limefunikwa turubai. Nikamwambia tunangoja kifaa kutoka Dar es Salaam.

Akakaa kwenye benchi, akafuta jasho. Akasema, "Si kwa ajili ya muziki, mwanangu. Kaka yangu Silasi, wa Bunda, kapelekwa hospitali Mwanza. Vijana wake wamesema kukiwa na neno watatangaza. Na kule kwetu redio ni hiyo yangu tu, majirani wote wanakujaga kusikilizia kwangu."

Nilishika bisibisi. Kweli niliishika! Ilikuwa mfukoni. Nikafikiria skurubu nane, na ubao, na turubai mbele yake. Nikafikiria nitasema nini. Nikasema, "Wiki ijayo, mama. Baada ya sikukuu." Akasema Mungu anibariki kwa kazi.

Karanga ni tamu. Nimeshindwa kuzimaliza.

Alhamisi, 5 Julai

Injini imewaka! Moshi mpaka kwa Machage. Mkanda mmoja kutoka injini hadi ekseli ya nyuma, basi. Breki ni Mzee Luhende, anaweka gogo.

Wankyo amesema hatakuja uwanjani Saba Saba. Atabaki dukani amalize redio za watu. Wivu.

Jumamosi, 7 Julai. Saba Saba

Naandika Kigera, kwenye baraza ya mtu nisiyemjua. Nitaandika kwa mpangilio, maana kichwa hakina mpangilio.

Saa saba mchana tulilisukuma gari hadi uwanjani. Watu wengi. Thadeo amekuja kutoka Bunda na suti. Mzee Luhende na Machage nao wakadai kiti cha mbele. Kiti ni kimoja, upana wake godoro la mtoto. Wakakaa wote watatu, wamebanana kama furu kwenye kijiti. Nikavuta kamba ya injini, nikadandia pembeni nikishika usukani. Likawaka! Likaenda! Hatua thelathini, labda arobaini, likazunguka mlingoti wa bendera. Watu walipiga makofi, akina mama vigelegele. Sijawahi kupigiwa vigelegele tangu nizaliwe.

Likazima. Si kitu. Kwa furaha nikawasha redio, sauti mpaka mwisho, wasikie jinsi gari la kwetu linavyosema.

Yalikuwa matangazo ya vifo.

Uwanja ukatulia, kama watu wanavyotuliaga kwa matangazo hayo. Ndugu Kwangu Silasi wa Bunda anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi, Silasi, kilichotokea Mwanza. Mazishi kesho Jumapili, saa nne asubuhi, nyumbani Bunda. Habari zimfikie dada wa marehemu, Mama Wegesa, popote alipo Butiama.

Zimfikie! Zilikuwa zinatoka kwenye redio yake mwenyewe, na redio yake iko kwenye kitanda cha Mzee Luhende, Musoma, inazungukwa na watu elfu wasiomjua.

Mzee Luhende alinitazama. Anaijua rafu yake.

Mabasi yalikuwa hayatoki, sikukuu. Posta imefungwa. Machage akashuka kitini, akauliza huyo mama anakaa Butiama upande gani. Nikamweleza. Akasema, "Katibu, baiskeli yangu iko pale. Nikitoka sasa, jua halijazama niko kwake. Asubuhi anawahi basi la Bunda."

Saa tisa kasoro robo. Nakumbuka kwa sababu niliangalia saa.

Watu walikuwa bado wamesimama. Wale wale wa vigelegele. Na gari liko pale. Machage ndiye apeleke habari? Machage, kwa baiskeli, mbele ya gari langu? Nikasema, kwa sauti, "Asante, Ndugu Machage. Gari linakwenda."

Akauliza nina hakika. Nikasema nina hakika.

Likawaka, likaenda, nikiwa peke yangu. Watu wakashangilia tena. Kigera mkanda ukakatika. Nikaufunga kwa shati. Ukakatika. Nikaufunga kwa mkanda wa suruali. Hapo gurudumu dogo likatoka, likaenda zake peke yake mpaka kwenye mihogo. Bado ni Musoma! Mjini kabisa! Ningeweza kurudi kwa miguu kumtafuta Machage na jua lingekuwa bado liko juu. Niliwaza hivyo mara mbili. Mara zote mbili nikasema: dakika tano tu, litawaka.

Sasa jua limezama.

Jumapili, 8 Julai

Nimepata lori la chumvi alfajiri. Likaharibika njiani, tukangoja kifaa mpaka karibu saa nne, kisha likatengenezwa na dereva kwa dakika chache, sikuuliza kwa vipi.

Nilifika kwa Mama Wegesa saa tano. Saa nne ilikuwa imepita. Alikuwa uani anamenya mihogo. Aliponiona alifurahi! Alidhani nimeleta redio. Akaniangalia mikono.

Nilimwambia. Hakupiga kelele. Aliweka kisu chini, akakipanga vizuri pembeni ya mihogo, kama mtu anayetoka kidogo tu. Akauliza mazishi lini. Nikasema yameshapita, leo asubuhi. Akauliza, "Wewe ulisikia lini?" Nikasema jana mchana.

Akafikiri. Akauliza, "Musoma nzima, mwanangu, hapakuwa na mtu mwenye baiskeli?"

Nikasema hapakuwa.

Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Nilisema hapakuwa.

Mchana tulipanda basi hadi Bunda. Nilimbebea kapu. Njia nzima alikuwa ananihadithia habari za Silasi, jinsi kaka huyo alivyombeba mgongoni kuvuka mto walipokuwa wadogo, na jinsi alivyokuwa mchoyo wa karanga. Nilitamani anitukane. Tulikuta kaburi bichi. Alipiga magoti akausawazisha udongo kwa kiganja, ingawa ulikuwa umekwisha kusawazishwa. Watu walimuuliza mbona amechelewa. Akasema habari zilichelewa njiani.

Habari ni mimi.

Jumatatu, 9 Julai. Bunda, matangani

Mchana Machage ameingia. Kwa baiskeli. Kutoka Musoma! Vumbi mpaka kwenye kope, kilo mbili za sukari kwenye keria. Alisikia gari langu limeonekana kwenye mihogo ya Kigera, akajisemea huenda mama hakupata taarifa, akapitia Butiama, akaambiwa yuko huku. Akasalimia wafiwa, akampa Mama Wegesa pole kwa mikono miwili.

Mama Wegesa akamshukuru. Halafu akaitazama baiskeli. Aliitazama muda mrefu, gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma. Kisha akanitazama mimi. Akageuka akaniambia niende nikale, chakula kipo.

Sikula. Mara ya kwanza maishani kukataa ugali wa bure.

Alhamisi, 12 Julai

Nimerudi Iringo. Kitanda cha Mzee Luhende nimekirudisha, kimepinda, analala kama mtumbwi. Thadeo anataka injini yake. Wankyo hakusema "nilikuambia". Nilimngojea siku nzima aseme.

Nimetubu. Naandika na kutia sahihi: tangu leo sitagusa mali ya mteja kwa mambo yangu. Clementi, Katibu.

Redio ya Mama Wegesa nimeifungua mwenyewe, skurubu zote. Spika imetoboka kwa mitikisiko. Lazima nimrudishie ikiwa nzima, tena upesi, hilo ndilo la kwanza. Nimetafuta spika kama ile mji mzima. Hakuna. Kwa bahati nzuri nimeiona rafuni, ndani ya redio ya Mwalimu Gati, imeletwa juzi tu. Inaingia sawasawa! Nimekwisha kuifunga. Sauti kama zamani. Mama atafurahi.

Mwalimu Gati alipita jioni. Mkewe yuko kwao Tarime, siku zake zimefika, na safari hii mimba ilimsumbua, kwa hiyo angependa redio iwe nyumbani. Nimemwambia tunangoja kifaa kutoka Dar es Salaam.

Watoto hawatangazwi redioni. Nadhani.