Mwamba Mweupe wa Shemeji

Jumatatu, 13 Januari 2025

Nimerudi Lagangabilili kutoka Bariadi. Mafunzo ya siku mbili, kusoma picha za setilaiti. Kila jiwe hurudisha mwanga kwa namna yake, hata mwanga usioonekana kwa macho. Nimefungua picha ya Julai iliyopita. Miamba yote ya kijiji ni ya kijivu, mmoja tu unang'aa mweupe. Uko kwa shemeji Mahona, kaka wa mke wangu. Madini! Nimeifunga picha upesi.

Jumatano, 15 Januari

Nimemwomba shemeji tubadilishane: yeye achukue jaruba letu la mpunga, mimi nichukue mwamba wake. Aliniuliza mara tatu kama naumwa. Mwenyekiti wa kitongoji ameshuhudia. Wilhelmina, mke wangu, alisema tu kwamba watoto hawali mawe. Iliniuma. Jaruba lile ndilo chakula chetu cha mwaka.

Ijumaa, 17 Januari

Nimegonga mwamba kutwa nzima. Jiwe la kawaida, kama mengine yote. Mpini wa nyundo umevunjika. Nikampigia Scola, mwalimu wetu wa mafunzo. Akauliza picha ya mwezi huu inasemaje. Sikuwa nimeitazama. Nikatazama: kijivu. Akasema jiwe halibadiliki kwa msimu, nichunguze kilichokuwa juu yake Julai.

Jioni akapita Esteria, mke wa shemeji. Alitaka kujua kama nitawaruhusu akina mama waendelee kuanika michembe pale. Kila Julai kikundi kizima huleta viazi vyao vilivyokatwa, mwamba wote unafunikwa.

Nilibaki nimekaa juu ya jiwe langu. Niliona aibu. Setilaiti ilisema kweli, mimi ndiye niliyeona nilichokitaka.

Jumatatu, 20 Januari

Leo imetoka picha mpya. Jaruba letu la zamani limekuwa jeusi ghafla, tofauti na ya majirani wote! Shemeji amefukua kitu. Nikamwambia Wilhelmina tumrudishie mwamba, tumwongezee na mtamba, aachie jaruba. Hakubisha, ingawa mtamba ni wake. Alisema tu kwamba shemeji ameingiza maji jana ili apande mpunga, kwa hiyo tuwahi.

Maji. Ndivyo shemeji alivyomwambia, na yeye kaamini. Sikumbishia, alikuwa ameshaanza kumfungua mtamba. Nyundo nimeitia mpini mpya.