Mafini za Ndizi na Ufunguo wa Kabati la Chai

Jumatatu, 3 Machi
Siku njema! Daktari mkuu ametangaza kwamba chai ya saa nne hapa kliniki lazima iwe na kitafunio chenye lishe. Atakayeleta kilicho bora Ijumaa atakabidhiwa ufunguo wa kabati la chai. Ufunguo! Miaka yote anao Dereva wa ambulensi, na mimi, karani wa mapokezi, naomba sukari kwake kama yatima. Ataleta mayai ya kuchemsha, hana jipya. Mimi nitaoka mafini za ndizi, ile mikate midogo ya vikombe. Ndizi ni tunda! Nani atabishana na tunda?

Jumanne, 4 Machi
Nimemwonjesha Bibi Lishe, muuguzi wetu wa lishe. Akauliza vipimo, nami kwa ujinga nikasema ukweli. Akasema potasiamu ipo, nyuzinyuzi zipo kidogo, lakini kwa sukari ile nimeoka keki tu, ndizi imepita kusalimia. Imeniuma! Eti sukari ni nyingi mno kwa kila mafini. Kwa kila mafini? Basi si nizifanye ndogo! Rojo lilelile, mafini nyingi zaidi. Mimi ni kichwa, jamani.

Jumatano, 5 Machi
Nimeokea kwenye vikombe vya kupimia dawa ya kikohozi. Ukubwa barabara. Sikukumbuka kwamba ni plastiki. Mke wangu amefungua madirisha yote na kuuliza kama nina akili timamu. Nimesugua oveni mpaka mgongo ukagoma.

Alhamisi, 6 Machi
Vikopo vya nyanya. Safi kabisa! Dereva kapita mapokezi akizungusha ufunguo kidoleni. Nikamwambia auage vizuri.

Ijumaa, 7 Machi
Bibi Lishe alipiga hesabu, akakiri: sukari kwa mafini moja ni kidogo. Dereva akanywea! Kisha daktari mkuu akaonja moja. Akaongeza. Akaongeza tena, akisema ni ndogo, hazina madhara. Akamaliza sahani! Bibi Lishe akajumlisha sukari ya sahani nzima, akashika kichwa. Mhasibu wetu wa kliniki alikula yai moja tu la Dereva, akashiba. Ufunguo umebaki kulekule, kwa Dereva. Roho inaniuma, sifichi.

Jumamosi, 8 Machi
Kosa nimelijua. Zilikuwa ndogo mno! Nimeazima sufuria kubwa ya shemeji. Jumatatu nakata rufaa na mafini moja. Moja tu, ya kubebwa na watu wawili. Hakuna binadamu atakayeimaliza, kwa hiyo hakuna atakayekula sukari yote. Bibi Lishe atasema nini? Mke wangu anauliza sufuria hiyo itaingiaje kwenye oveni. Wivu tu.